Maswali ya Wasomaji: Lisbon kwa Mtu wa Mombasa

Toleo lililopita niliandika kasentensi kamoja tu, kwamba mtu wa pwani akijaaliwa kwenda mji mmoja wa Ulaya kuangalia sanaa na dizaini basi asikimbilie Paris, aende Lisbon kule Ureno, na sababu nikaziacha hewani. Basi simu haikulala. Wengine mwauliza njia, wengine mwanitukana kistaarabu, na mmoja ameniuliza kama nimelipwa na Wareno (sijalipwa, na wakisoma nilivyomjibu mzee wa Kibokoni hapo chini hawatanilipa kamwe). Nimechagua machache, yaliyofanana nikayaunganisha.

Shangazi salaam aleikum. Mimi na mume wangu twaenda Lisbon mwezi wa tano in shaa Allah, siku tano, tunasherehekea miaka kumi ya ndoa. Nimeangalia onlaini nimeona makumbusho kama thelathini, kichwa chaniuma. Mume wangu asema makumbusho ni makabati ya vioo na usingizi, yeye ataka mpira na bahari. Tuanzie wapi? Mama Wawili, Nyali

Wa aleikum salaam mwanangu, na hongera zenu. Kwanza hiyo orodha ya thelathini ifute kwenye simu. Siku tano ni makumbusho manne, mkijikaza matano, moja kwa siku tena asubuhi mkiwa na nguvu, alafu mchana ni wa mumeo. Mtu akiingia matatu kwa siku moja, la tatu haoni kitu, atafuta tu pa kukaa.

Anzeni na Makumbusho ya Taifa ya Vigae, Museu Nacional do Azulejo. Najua mumeo atacheka, atasema yaani tumepanda ndege mbili kwenda kuangalia tailsi za bafuni. Mwache acheke mpaka mlangoni. Yako ndani ya nyumba ya zamani ya watawa, Madre de Deus, iliyoanzishwa 1509 na malkia Leonor, upande wa mashariki wa mji, na metro haifiki huko, chukueni basi au teksi. Mwanzo kabisa mtakutana na vigae ambavyo Wareno walikuwa wakivinunua Seville, kwa mafundi waliokuwa bado wafanya kazi kwa mkono wa Waislamu wa Andalusia, na hapo mtu wa Mombasa hana haja ya kuelezewa chochote, ni nyota na mafundo na mistari inayofuatana haina mwanzo wala mwisho. Alafu karne ya 17 Ulaya nzima ikapagawa na vyombo vya Kichina, kila mwenye pesa ataka buluu na nyeupe, na ndio hiyo buluu ambayo leo kila mtu akisikia Ureno anaiwaza. Angalia pia vile kuta zao zinavyopangwa, kuna pindo limezunguka na kuna mji katikati, kama leso kabisa, na ukishaliona hilo mara moja utakuwa waliona kila ukuta wa Lisbon.

Sasa kitu cha kumkalisha mumeo ni ile panorama ya Lisbon. Ni ukuta wa vigae wenye urefu wa mita 23 hivi, wa karibu mwaka 1700, umechorwa mji mzima unavyoonekana ukiwa mtoni, nyumba kwa nyumba, kanisa kwa kanisa, mashua zote zi majini. Mwaka 1755, tarehe 1 Novemba, Lisbon ikapigwa na tetemeko la ardhi, moto ukafuata, na bahari ikapanda juu ya mji, yote siku ile ile. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mnachokiangalia pale ukutani haipo tena duniani. Itafuteni ikulu ya mfalme iliyokuwa kando ya maji, ikariri, alafu jioni nendeni mkasimame kwenye uwanja wa Praça do Comércio, ndipo ilipokuwa, sasa hivi ni uwanja mtupu na upepo. Mitaa ya Baixa iliyo nyuma yake ilijengwa upya yote kwa ramani moja iliyonyooka, na ndani ya kuta wakaficha fremu za mbao zilizokatana msalaba ili ardhi ikitikisika nyumba icheze isianguke. Inasimuliwa kwamba waliijaribu fremu hiyo kwa kuamuru wanajeshi wapige kwata kuizunguka. Mwambie mumeo hilo, utaona kama atalala.

Na mpira msiuache, tena ni mambo yale yale. Uwanja wa Benfica una makumbusho yake ya klabu, yamepangwa vizuri kuliko makumbusho mengi ya sanaa niyajuayo, na nje kuna sanamu la Eusébio, mchezaji wao maarufu wa zamani, ambaye alizaliwa Msumbiji, huku huku kwetu bahari ya Hindi. Metro ya buluu, shukeni Colégio Militar.

Jambo moja la kukumbuka: makumbusho mengi ya serikali yafungwa Jumatatu, lakini Gulbenkian na MAAT (nimeyaeleza hapo chini) yafungwa Jumanne. Na miaka hii Lisbon wamekuwa wakifunga majumba makubwa kwa ukarabati, moja baada ya lingine, kwa hivyo angalieni tovuti ya kila jumba kabla hamjalipa hoteli, sio baada.

Bi mhariri, nimesoma ushauri wako nikashangaa. Hawa Wareno waliuchoma mji wa Mombasa 1505, wakarudi 1528, wakarudi tena 1589, leo wewe watuambia tubebe pesa zetu tuwapelekee ili tuangalie vitu vizuri walivyotunyang'anya? Sanaa gani hiyo? Mzee wa Kibokoni

Mzee wangu shikamoo. Tarehe zako ni sawa zote na hasira zako pia ni sawa, na ndio hasa sababu nikasema Lisbon na sio Paris. Paris utaangalia mambo ya watu. Lisbon utaangalia mambo yako.

Ngoja nikueleze kitu kimoja tu. Kuna makumbusho yaitwa Museu Nacional de Arte Antiga, yako mtaa wa Janelas Verdes, juu ya bandari. Humo ndani kuna chombo cha ibada cha Kikatoliki, kile ambacho kanisani huwekwa ile Ekaristi watu wakaiabudu, chaitwa Custódia de Belém. Kina urefu wa sentimita 73 hivi, dhahabu, kimejengwa kama mnara wa kanisa, nguzo nyembamba kama sindano, katikati mitume kumi na wawili wamepiga magoti, kila mmoja na nguo yake ya rangi iliyochomwa juu ya dhahabu, juu yao njiwa mweupe. Ukiinama uangalie shingo ya kile chombo utaona matufe ya pete pete, yale ya mabaharia ya kusomea nyota, ndio ilikuwa alama ya mfalme Manuel. Kazi inasemekana ni ya sonara Gil Vicente, na kwa uzuri sitadanganya mzee, ni kizuri mpaka kinakera.

Sasa inama zaidi, soma kwenye kitako. Kuna maandishi yamezunguka, Kireno cha zamani, yasema mfalme Manuel aliamuru kitengenezwe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kikamalizika 1506. Kilwa, mzee. Wameandika wenyewe, kwa herufi kubwa, QVILVA.

Hiyo "kodi" waijua ilikuwa kodi gani. Mwaka 1502 Vasco da Gama, hii ni safari yake ya pili, alifika Kilwa na meli za vita akamtishia Sultani Ibrahim kwamba asipolipa mji utachomwa, Sultani akalipa, na dhahabu ikafika Lisbon 1503. Dhahabu yenyewe ilikuwa ikitoka bara, kule Zimbabwe, yashuka mpaka Sofala alafu yapanda na majahazi mpaka Kilwa, ndio iliyojenga ule msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani ambao mpaka leo watu waenda kuushangaa. Na ile kodi haikuwasaidia kitu manake 1505 Francisco de Almeida akaja akauteka mji, alafu akaendelea kaskazini akatufikia sisi. Yaani fundi alikuwa bado akisugua mitume wake huku Kilwa imeshaporwa na Mombasa imeshachomwa.

Mimi nasema mtu wa pwani anafaa asimame mbele ya kile chombo, tena akae muda. Wao wamekiweka kama ushahidi wa ufundi wa Kireno, na ufundi upo, siukatai. Lakini ni kitu cha pwani pia, na mgeni anayejua Kilwa iko wapi atakiona kuliko Mreno mwenyewe anayepita akipiga foto. Wataka kukasirika, kasirikia pale pale mbele yake, ukikijua. Kama kirudi au kisirudi hayo ni mazungumzo ya wakubwa na mimi maoni yangu ninayo, lakini kuna watu wengi sana wa Mombasa na Kilwa ambao hata kuwepo kwake hawajui, na hilo ndilo laniuma zaidi.

Ukiwa humo humo tafuta viwambo vya Kijapani viitwavyo Namban, vyaonyesha meli ya Kireno inafika Nagasaki miaka ya mwisho ya 1500. Wajapani walichora kila walichokiona bila aibu, pua za Wareno ndefu, suruali zao pana za kuchekesha, na kwenye milingoti ya meli wapanda mabaharia weusi na wa Kihindi wakifanya kazi. Hao ndio ninaowaangaliaga mimi.

Alafu ukifika Belém, ule mtaa wa kando ya mto, ingia Jerónimos, ile nyumba kubwa ya watawa iliyoanzwa 1501 hivi, mawe yamechongwa kamba za meli na matumbawe, ilijengwa kwa ushuru wa kama asilimia 5 ya biashara ya Afrika na Asia. Kaburi la Vasco da Gama liko mle mle, kushoto ukiingia kanisani. Huna haja ya kumsalimia.

Na ombi langu kwa wote, kabla hamjapanda ndege piteni Fort Jesus, na mpite kama wageni sio kama watu wa kusubiri mtu nje. Ngome ilianza kujengwa 1593, michoro yake ikachorwa na Muitaliano, Cairati. Ndani kuna ile michoro ya ukutani waliyoichora wanajeshi wa Kireno wenyewe, meli na watu, michoro ya mtu aliyekaa mbali na kwao na hana cha kufanya. Kuna na vitu vilivyotolewa chini ya maji kutoka meli Santo António de Tanna, iliyozama hapo mbele ya ngome 1697 wakati Waomani wameizingira. Ukiyaona hayo kwanza, Lisbon yote utaisoma kinyumenyume, na ndio utamu wenyewe.

Niaje Shangazi. Nasoma usanifu wa majengo hapa Mombasa, binamu yangu yuko Lisbon amenialika nikae kwake wiki mbili, malazi bure lakini mfukoni hakuna kitu. Nataka kuona dizaini bila kulipia kila mlango. Kijana wa Tudor

Wewe ndiye mwenye bahati kuliko wote humu, manake dizaini nzuri ya Lisbon iko njiani.

Anza hapo hapo ukishuka ndege. Kituo cha metro cha uwanja wa ndege kina picha za vichekesho za Wareno maarufu, za mawe meusi na meupe, zimejaa ukutani. Hiyo ni laini nyekundu. Usikimbilie kwa binamu. Ukifika Oriente shuka, usitoke nje ya geti, zunguka humo humo: kuna kazi za vigae za wasanii wa nchi mbalimbali, Hundertwasser yuko, Yayoi Kusama yuko, watu ambao kwingine ungelipa pesa kuwaona. (Siku nyingine toka nje uangalie stesheni ya treni ya juu, paa la chuma na kioo kama msitu wa minazi, ni ya msanifu Calatrava, ya 1998, walipofanya maonyesho ya dunia.) Panda treni inayofuata, shuka kituo cha Olaias, cha msanifu Tomás Taveira, hapo utadhani mtu amemwaga sanduku la rangi, nguzo kubwa zimepakwa kila rangi ya Mungu na sakafu haijaachwa nyuma. Kuna wanaosema ni kelele tupu. Mimi naipenda, lakini sitakulazimisha. Laini ile ile mwisho wake ni São Sebastião, hapo uko mlangoni kwa Gulbenkian, na ile bustani yake kuingia ni bure, ina vidimbwi na bata na watoto wa chuo wamelala kwenye majani wakijifanya wasoma. Upande mmoja wa bustani kuna jengo la sanaa ya kisasa, CAM, ambalo Mjapani Kengo Kuma alilifanyia upya likafunguliwa tena 2024, ameliwekea baraza refu lenye paa lililoinama na vigae vyeupe juu. Kaa chini ya lile paa uangalie vile linavyokuzuia jua bila kukufungia upepo, alafu uwaze baraza za Mji wa Kale na ujiulize kwa nini hapa twajenga masanduku ya vioo alafu tukatia eisii.

Kuhusu metro kuna mama mmoja lazima umjue, Maria Keil. Metro ilifunguliwa 1959, vituo vya kwanza vilisanifiwa na mumewe, Keil do Amaral, na wakati huo vigae vilionekana vitu vya kizamani, wasanifu wa kisasa hawavitaki kabisa. Yeye akachukua kigae cha kawaida, rangi chache, akacheza na umbo moja analigeuza hivi analigeuza vile mpaka ukuta mzima ukawa hai. Kituo cha Intendente, laini ya kijani, ndio kinachosifiwa zaidi. Hapo sasa toka nje, manake kwenye uwanja wa juu kuna jengo la zamani la kiwanda cha Viúva Lamego, kiwanda cha tangu 1849, uso wake wote umevikwa michoro ya vigae, zamani hiyo ndiyo ilikuwa tangazo lao la biashara.

Chini ya miguu yako pia kuna kazi. Njia za miguu zimetandikwa vipande vya mawe ya chokaa meupe na mawe meusi, kimoja kimoja kwa mkono, na pale Rossio wametandika mawimbi tangu katikati ya karne ya 19, ukitembea huku waangalia chini kichwa chazunguka kama uko kwenye feri ya Likoni siku ya kusi. Ukimuona fundi kakaa na nyundo yake atengeneza palipobomoka, simama. Vile anavyoligeuza jiwe mkononi, aligonga mara mbili na limekaa, hilo hawalifundishi chuoni.

MAAT kule Belém, ya 2016, ya Muingereza Amanda Levete, jengo limelala kando ya mto kama wimbi, uso wake una karibu vigae 15,000, sio bapa bali vimeinuka kidogo, kwa hivyo asubuhi lina rangi moja na magharibi rangi nyingine. Paa lake ni njia ya watu, wapanda bure. Maonyesho ya ndani kuna wakati ni mazuri kuna wakati ni video za mtu amekaa kwenye kiti, binafsi kama pesa ni shida ningelipia lile jumba la umeme la zamani lililo jirani yake, mitambo ya makaa ya mawe imeachwa vile vile, mashine kubwa kama nyumba.

Mlango mmoja ulipie: MUDE, makumbusho ya dizaini, Rua Augusta, katikati ya Baixa, yalifungwa miaka kwa ukarabati yakafunguliwa tena 2024. Jengo lilikuwa makao makuu ya Banco Nacional Ultramarino, benki iliyokuwa ikichapa pesa za makoloni ya Ureno, Msumbiji ikiwemo. Zege wameliacha uchi, kaunta ndefu ya marumaru ya benki bado ipo, na kuna na chumba cha hazina huko chini. Viti, taa, redio, magauni ya Dior. Wewe kama mwanafunzi usiangalie kiti kwa mbele, kizunguke, angalia pale mguu unapokutana na kikalio, ndipo fundi anapojulikana. Na beba daftari na penseli, simu iache mfukoni, mchoro mmoja mbaya wa mkono utakufaa kuliko foto mia.

Dada, nataka kumpeleka mamangu, ana miaka 68, magoti si mazuri, na ni mtu wa swala tano. Nasikia Lisbon ni vilima vitupu na makumbusho yake ni masanamu ya kanisani. Nisije nikamtesa bure. Na chakula je? Binti wa Majengo

Vilima ni kweli, na yale mawe niliyomsifia kijana hapo juu yakinyeshewa yateleza kama sabuni, kwa hivyo mama viatu vyake viwe na soli ya mpira na sio vile vya harusini. Lakini si mji mzima. Baixa ni tambarare, Belém ni tambarare kando ya mto, Gulbenkian pia haina taabu. Belém mpandishe tramu namba 15, ile 28 maarufu achana nayo, yajaa watalii wamesimama na ndio kazini kwa wezi wa mifuko.

Kuhusu masanamu, mpeleke kwa huyo Gulbenkian. Calouste Gulbenkian alikuwa Muarmenia, mzaliwa wa Istanbul 1869, tajiri wa mafuta, akiitwa bwana asilimia tano kwa sababu ya fungu lake kwenye mafuta. Akakimbia vita akaja Lisbon 1942, akaishi hotelini, akafa hapo 1955, na mkusanyiko wake wote ukabaki kwenye wakfu ulioachwa na wasia wake, makumbusho yakafunguliwa 1969. Na alikuwa na jicho kali mno la vitu vya Kiislamu: sahani na vigae vya Iznik kule Uturuki vyenye ule wekundu kama nyanya mbivu, mazulia ya Kiajemi, misahafu na vitabu vya mkono, na zile taa za vioo za misikiti ya zama za Mamluki, watawala wa Misri na Sham. Taa nyingi za aina hiyo zimeandikwa Aya ya Nuru kuzunguka shingo, na mamako akianza kuisoma mwenyewe kutoka kwenye kioo cha karne ya 14 utajua safari imelipa. Vyumba vina vioo vikubwa vyatazama bustani na viti viko. Lakini sikiza, jumba hilo la mkusanyiko wake lilifungwa 2025 kwa ukarabati mkubwa, kwa hivyo hakikisha limefunguliwa ndipo upange tarehe. Kwa mama yako mimi ningesogeza safari yenyewe ilingane nalo.

Msikiti Mkuu wa Lisbon, wa 1985, uko karibu na Praça de Espanha, si mbali na hapo Gulbenkian, na Waislamu wengi wa Lisbon asili yao Msumbiji, kwa hivyo usishangae kukuta biriani na sambusa. Chakula cha halali cha kila siku tafuta Rua do Benformoso, karibu na Martim Moniz, mtaa umejaa Wabangladeshi. Samaki wa kuchoma wako kila mahali. Vile vitobosha vya maziwa na mayai, pastel de nata, uliza kwanza kama unga umekandwa kwa banha, yaani mafuta ya nguruwe, wengine hutia wengine siagi tu, neno hilo moja likariri.

Viza ikoje? Wengi mmeuliza

Ni Schengen, viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ada ya mtu mzima ni yuro 90, watoto wa miaka 6 mpaka kabla ya kufika 12 yuro 45, bima ya afya isiyopungua yuro 30,000, na maombi hupelekwa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari wala chini ya siku 15. Msingoje hizo 15. Pelekeni mapema, na tiketi ya ndege ya kurudishiwa pesa au ya kushikiliwa tu, msinunue ile ya bei ya kutupa alafu viza ikakwama. Ndege ya moja kwa moja kutoka Mombasa hakuna, mtabadilisha mahali.

Shangazi, nimeona kwenye video soko la mitumba la Lisbon wauza vigae vya zamani vya mkono bei rahisi. Nikinunua kumi nije niweke jikoni kuna neno? Mpenda Vitu, Bamburi

Neno lipo. Soko hilo ni Feira da Ladra, Jumanne na Jumamosi, ni zuri kwa vitabu, vikombe, redio mbovu, nenda ukazurure. Lakini vigae vya zamani vilivyo moja moja, na hasa vikiwa bado vina saruji nyuma, jiulize vimetoka ukuta gani. Wizi wa vigae Lisbon umekuwa janga, watu wabandua usiku kwenye nyumba zilizofungwa, mpaka makumbusho ya polisi wa upelelezi wakaanzisha mradi maalum 2007, SOS Azulejo, na 2017 ikaja sheria ya kuzuia kubomoa kuta za nje zenye vigae. Utakuwa wanunua kipande cha nyumba ya mtu. Nunua vipya vya mkono, kiwanda cha Sant'Anna wapo tangu 1741 na mpaka leo wachora kwa brashi, bei si rahisi lakini vinne vyatosha nyuma ya jiko, risiti uiweke, na uvibebe kwenye begi la mkononi umevifunga ndani ya nguo nene manake begi la chini litatupwa.